Mtoto mkubwa tumboni na viungo vyangu vimelegea, nizae kawaida au nipasuliwe?

nusu_mfupa

Habari zenu wapendwa, naomba mawazo yenu hasa kwa wale mliopitia. Nina mimba ya pili, wiki ya 35. Nina ile shida ya viungo kulegea kupita kiasi, Ehlers-Danlos ile aina ya viungo, yaani bega linachomoka nikivua tu nguo, magoti yanapinda kwenda nyuma, kidole gumba nakilaza mpaka kinagusa mkono. Niligundulika baada ya kuzaa mtoto wa kwanza kwahiyo ule uzazi niliuendea kichwa kichwa sijui hili wala lile. Yule alikua na kilo 3.9, uchungu ulienda mbio mno, nikachanika vibaya na nyuzi zikaachia kabla kidonda hakijashika, afu kinena kikauma miezi na miezi, hata kugeuka kitandani nilikua natoa machozi.

Sasa huyu wa safari hii ultrasaundi inasema tayari ana kilo 3.4 na kwamba mpaka tarehe anaweza kugonga 4.5 🙆 Sukari nimepimwa iko sawa. Daktari mmoja kasema nipasuliwe tu yaishe, mwingine kasema wewe nyonga zako si zimelegea, mtoto atateleza tu hata awe na kilo 5. Mi nimebaki katikati sielewi nimsikilize nani. Afu jamani kuna hili la ganzi, kwa daktari wa meno huwa nachomwa na bado nasikia kila kitu, sasa nikipasuliwa itakuaje?? Na kama nikizaa kawaida sitaki tena kulazwa chali miguu imetundikwa kwenye vyuma, mara ya kwanza nyonga ya kushoto ilitoka pale pale na hakuna aliyenielewa.

mama_bonge

Pole mpenzi na hongera. Mi nina hali hiyo hiyo na wangu wa mwisho alitoka na kilo 4.6, kawaida, bila kuchanika kwa maana. Lakini usichukue hiyo kama ushahidi kwamba na wewe utafanya hivyo, nakuambia tu kwamba inawezekana.

La kwanza, hiyo namba ya ultrasaundi isikunyime usingizi. Wale wanapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja la mtoto halafu mashine inapiga hesabu, na hesabu inaweza kukosea kwa asilimia 10 mpaka 15 juu au chini, tena kwa watoto wakubwa ndio inayumba zaidi. Kwahiyo wakikuambia 4.5 elewa kwamba anaweza kuwa na 3.9 na anaweza kuwa na 5. Wangu walimkadiria 4.1 na mmeona mwenyewe alivyotoka.

La pili huyo aliyekuambia nyonga zimelegea atateleza, sijui kasoma wapi. Kulegea kwa viungo hakuongezi upana wa mfupa. Nyonga ni ile ile uliyozaliwa nayo, kinacholegea ni kano zinazoshikilia mifupa, na hiyo ndio inayokuletea matatizo, maana mtoto akilazimisha kupita kiungo cha kinena kinaweza kuachana zaidi ya kinavyotakiwa. Kwa kawaida pale mbele kuna nafasi ya milimita 4 au 5 na mimba inaongeza kidogo, ikizidi milimita 10 hapo umeshaumia na ndio unashindwa hata kupanda kitanda. Na hivyo ulivyosimulia kinena chako cha mara ya kwanza, mi ningeomba kitazamwe sasa hivi kabla ya chochote.

Kilichonisaidia mimi ni fiziotherapia. Kabla ya siku kufika yule dada alinilaza, akanitanua magoti taratibu mpaka pale maumivu yanapoanza, akapima nafasi kati ya goti na goti kwa futi ya kawaida tu ya fundi cherehani, akaiandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu kwamba huyu asitanuliwe kupita hapa. Nilizalia ubavu, mkunga mmoja kashikilia mguu wa juu bila kuuvuta. Na kila nilipogeuzwa miguu yote miwili ilikua inaenda pamoja, sio mmoja mmoja. Vyuma sikuvitia machoni.

mkunga_wa_usiku

Mi ni mkunga, nimekaa leba muda mrefu. Naongea kwa ujumla maana sijakushika tumbo wala faili lako sijaliona.

Kabla ya kugombania kawaida au kisu, dada nusu_mfupa hakikisha una uhakika ni aina gani. Ehlers-Danlos zipo aina 13 kwa mpangilio wa mwaka 2017 na hazifanani hata kidogo. Hiyo ya viungo ndio ya wengi na mpaka leo haina kipimo cha damu, unapimwa kwa kuangaliwa na kuulizwa historia. Ipo ya mishipa ya damu, jeni yake inajulikana, COL3A1, hiyo ni habari nyingine kabisa kwa sababu mshipa mkubwa au kizazi chenyewe kinaweza kupasuka. Kama kwenu kuna mtu alifariki ghafla kijana kwa mshipa kupasuka, au utumbo kupasuka bila sababu, mwambie daktari wako leo, usingoje kliniki ijayo.

Tukishajua ni ya viungo: kulegea peke yake sio sababu ya kupasuliwa. Na ukubwa wa mtoto peke yake pia una kiwango chake. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kinasema upasuaji wa kupangwa ufikiriwe makadirio yakifika gramu 5000 kwa mama asiye na kisukari, na 4500 kwa mwenye kisukari. Wewe sukari iko sawa, hujafika huko. Lakini wewe una vitu viwili vikiwa pamoja, afu una kinena kilichowahi kuumia na msamba ulioachia nyuzi, kwahiyo ukiamua kupasuliwa hakuna mtu wa kukuita muoga. Huo ni uamuzi wa kukaa chini na daktari wa uzazi na daktari wa ganzi, tena wiki hii hii, maana wenye hali hii chupa huwa inaweza kupasuka mapema na mtoto akaja kabla hamjapanga.

Ninachoogopa mimi kwa mtoto mkubwa ni mabega. Kichwa kinatoka, bega linakwama nyuma ya kinena. Na msidhani ni la watoto wakubwa tu, karibu nusu ya mabega yanayokwama ni ya watoto chini ya kilo 4, ndio maana mkunga anatakiwa kuwa tayari kwa kila mama. Likikwama jambo la kwanza ni kumkunja mama mapaja yaje tumboni, inaitwa McRoberts. Sasa wenye nyonga kama zako wananiulizaga, si mtanitegua? Jibu ni kwamba pale tunahesabu dakika za pumzi ya mtoto kwahiyo tutafanya, ila yafanywe na watu wawili, mmoja kila upande, waende sawa na warudishe miguu sawa, wasisukumize mapaja mpaka mwisho eti kwa sababu yanaenda. Kwa mtu wa kawaida paja linagoma lenyewe, kwako haligomi, na hapo ndipo watu wanapoumiza bila kujua. Au kama una nguvu wakugeuze upige magoti na mikono chini, mabega mengi yanaachia hapo hapo.

Ganzi ya uti wa mgongo wakati wa uchungu: inafaa, ila ukishakufa ganzi husikii kiungo kikifika mwisho wake. Yaani ile alama ya kukuambia basi inakua imezimwa. Hiyo futi ya mama_bonge hapo ndio inakua mlinzi wako, muulize yeyote atakayekushika mguu kama ameiona.

Mengine kwa haraka. Ulizaa haraka mara ya kwanza, huyu anaweza kuja haraka zaidi, usikae nyumbani ukingoja uchungu uchanganye. Damu baada ya kuzaa inaweza kuwa nyingi, mtoto mkubwa analegeza kizazi na ngozi yenu nayo inachubuka, kwahiyo ile sindano ya kukaza kizazi usiikatae na mshipa wa dripu uwekwe mapema. Msamba ushikiliwe kwa kitambaa cha vuguvugu na kichwa kitoke polepole, na kama lazima kushonwa aje mwenye uzoefu, atumie uzi unaokawia kuyeyuka. Kizazi na kibofu kushuka pia ni jambo la kuangaliwa baadaye, msione aibu kusema mkojo unavuja.

Jabali_1

Siku hizi kila mtu ana ugonjwa wenye jina refu. Bibi zetu walizaa watoto wakubwa shambani na kurudi kulima.

mkunga_wa_usiku

@Jabali_1 na walioshindwa kurudi kulima hukuwahi kuwasikia kwa sababu walizikwa. Tuendelee.

kovu_langu

Mi nilichagua kupasuliwa, mtoto alikua na kilo 4.3, na sijutii, ila usiambiwe kwamba kisu ndio njia ya mkato. Hili la ganzi ni kweli na lisikupite. Wengi wetu ganzi ya kuchoma sehemu moja haishiki vizuri au inaisha mapema, na mi nilimwambia daktari wa ganzi kliniki kabla, sio nikiwa nimeshalala mezani. Akanipima kwa barafu kila sehemu, mguuni, tumboni, mpaka chini ya matiti, akaniambia hatuanzi mpaka useme wewe. Upande mmoja ulichelewa na walisubiri kweli. Ungekua usiku wa dharura sidhani kama kuna ambaye angesubiri hivyo, na kwangu hiyo ndio faida ya kupanga. Mwambie pia kuhusu shingo na taya, maana ikibidi ulazwe usingizi kabisa watafungua mdomo na kukunja shingo, na taya letu linatoka kirahisi.

Kidonda sasa. Ngozi yetu inashika polepole, niliomba nyuzi zikae muda mrefu kuliko kawaida wakakubali, hata hivyo pembeni paliachia kidogo na kovu langu lina ngozi nyembamba tena ni pana, kama karatasi iliyokunjwa ikanyooshwa. Na kinena kiliendelea kuuma vilevile! Hilo hakuna aliyeniambia, nilidhani mtoto asipopita chini basi kinena kimepona, kumbe maumivu yanatokana na miezi yote ya mimba. Afu fikiria una kidonda tumboni na mabega yasiyoweza kukuinua kitandani, mimi kila nikijisukuma kwa mkono bega linatoka. Utahitaji mtu wa kukuinua usiku na mchana, panga hilo kwanza kabla ya kupanga tarehe.

nusu_mfupa

Jamani asanteni sana, nimesoma mpaka nimelia kidogo. Aina ni ya viungo, walichunguza familia yangu yote hakuna mambo ya mishipa. Nimeshaomba nikutanishwe na daktari wa ganzi, na kinena kitapigwa ultrasaundi kwanza. Kwa sasa moyo unaelekea kawaida, kwa ubavu, na futi ya fundi 😂 ila wakisema kinena kimeshaachana zaidi ya ile milimita 10 basi nakubali kisu. Mume wangu kaambiwa kazi yake ni kuangalia mguu wangu tu, asiangalie kitu kingine.

La mwisho, je mtoto naye atakua hivi? Na nitambebaje bonge la kilo 4 na vidole gumba vinavyochomoka?

mama_bonge

Anaweza kurithi, ni nusu kwa nusu, lakini hata akirithi anaweza asisumbuke kama wewe. Waambie waangalie nyonga zake vizuri akizaliwa maana za watoto wetu zinaweza kuwa zimelegea, na kama ni mlegevu mwilini usikubali mtu yeyote amnyanyue kwa kumvuta mikono.

Kumbeba, ingiza mkono mzima chini yake, uzito ukae kwenye mkono wa juu ya kiwiko na kifuani, usimkamate kwapani kwa vidole gumba, hapo ndipo kifundo cha mkono kinapokufa. Tafuta banzi laini la kidole gumba kabla hujazaa maana baadaye hutapata nafasi ya kwenda kulitafuta. Kunyonyesha lala ubavu na yeye alale kitandani, usimshikilie. Na kitanda chake kiwe usawa wa kiuno chako, usiwe unainama.

kovu_langu

Na kama ni wa kulala ubavu weka mto katikati ya magoti, mnene, uanzie gotini ufike kifundo cha mguu, sio gotini tu. Mguu ukining'inia kinena kinavutwa usiku kucha.

nusu_mfupa

Hii ya kifundo cha mguu sikuijua kabisa, leo leo naongeza mto. Majibu ya kinena yakitoka ntarudi kuwaambia.