Wanafunzi wangu wanatafuta neno "kwa sababu", hawatafuti sababu. Naomba ushauri

Mwalimu wa Walukuba
Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Jinja. Vifungu vya ufahamu najiandikia mwenyewe, maana vingi ninavyovipata vinazungumzia Mombasa na Dar es Salaam, na watoto hawa wanalijua ziwa kuliko bahari.

Wiki hii niliwapa kifungu cha gugu maji. Sehemu iliyonitia shida ni hii:

"Gugu maji lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Likatanda kwenye ghuba. Mashua zikashindwa kutoka, samaki wakapungua. Mwaka 1995 Uganda ikaanza kuachia ziwani fukusi wanaokula gugu hilo. Mwaka 1997 na 1998 zikaja mvua kubwa za El Niño. Baada ya hapo gugu likapungua sana."

Nikauliza: kwa nini gugu maji lilipungua? Karibu nusu ya darasa wameandika mvua, karibu nusu wameandika fukusi. Wawili wameandika: "Kifungu hakisemi." Hao wawili niliwapa sifuri, halafu usiku usingizi ukanipaa.

Nimekuwa nikiwafundisha wapige mstari chini ya "kwa sababu", "kwa kuwa", "kwa hiyo" na "ndiyo maana", kisha wachukue maneno yanayofuata. Pasipo na maneno hayo wanapotea kabisa. Nahisi mimi ndiye niliyewapoteza. Wenzangu mnalifundishaje jambo hili?

Baba Rehema
Mwalimu, usijilaumu. Hata mimi nilifundishwa hivyohivyo. Watoto wanaofikiri kwa Kiluganda hutafuta "kubanga" yao, wakiikuta wanatulia. Waongezee mazoezi tu.

Mhariri Mstaafu
Kwa heshima, Baba Rehema, mazoezi zaidi ya kosa lilelile yatalikomaza kosa. Nilihariri habari za magazeti kwa miaka mingi hapa Kampala, na nakuambia mwalimu: wale wawili uliowapa sifuri ndio waliosoma.

Tazama vitenzi vyako. Likatanda, zikashindwa, wakapungua, ikaanza, zikaja, likapungua. Hiyo -ka- inatuambia kipi kilifuata kipi. Kipi kilizaa kipi, haisemi. Msomaji anaunga mwenyewe. "Likatanda, mashua zikashindwa kutoka": hapo kuunga ni halali, kila mtu anaona gugu limeziba njia. "Zikaja mvua, gugu likapungua": hapo umemwachia mtoto shimo, na mtoto akikuta shimo hulijaza kwa kilicho karibu. Ndiyo maana nusu yao wameandika mvua. Imekaa jirani na jibu.

Wafundishe kugeuza sentensi kwa -singe-. "Gugu lisingetanda, mashua zisingeshindwa kutoka." Hiyo inasimama. Sasa jaribu: "Mvua zisingekuja, gugu lisingepungua." Nani anathubutu kuapa? Fukusi walikuwa wameshaanza kazi. Wataalamu wenyewe wamebishana kuhusu hili: wengine wanawapa fukusi sifa, wengine wanasema mawimbi na hali ya hewa ya El Niño vilichangia pakubwa. Kifungu chako hakikuleta mabishano hayo, kwa hiyo "Kifungu hakisemi" ni jibu kamili.

Na jambo la pili, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: kitenzi "kupungua". Kinasimama peke yake, hakina mtendaji. Weka pembeni yake "kupunguza" na "kupunguzwa" uone. Nyinyi watu wa Jinja mnakumbuka 2006, maji ya ziwa yaliposhuka mpaka gati zikabaki juu ya nchi kavu. Ukiandika "maji yalipungua", umesema ukweli, lakini msomaji atafikiria ukame peke yake. Ukiandika "maji yalipunguzwa", ataanza kuuliza na nani. Majibu yote mawili yalikuwepo: ukame ulikuwa mkali, na mabwawa ya hapo Jinja, Nalubaale na Kiira, yalikuwa yakipitisha maji mengi kuliko kiwango kilichokubaliwa tangu zamani. Herufi chache mwishoni mwa kitenzi zimebeba nusu ya habari. Mtoto anayepiga mstari chini ya "kwa sababu" hawezi kuziona.

Mzee wa Mwalo
Mimi si mwalimu, ni mvuvi hapa Masese, ila hili la ziwa siwezi kulipita. Mwalimu, unasema "samaki wakapungua". Samaki gani, na wapi?

Gugu lilipoziba ghuba tulikaa nchi kavu na nyavu zetu. Samaki walipungua mwaloni kwa kuwa sisi hatukutoka. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili iko chini ya maji: gugu likitanda, mwanga haupiti, hewa ndani ya maji inakuwa ndogo, ngege anahama. Lakini kambare na kamongo wanavumilia hewa ndogo, hao hawakuona shida. Na nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, walianza kutoweka kabla gugu halijafika, maana sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alikuwa ameshawala. Mtoto akiandika kwamba gugu ndilo lililomaliza nkejje, amekosea, ingawa kifungu chako kinamruhusu.

Nesi wa Mbale
Naongeza moja kutoka kazini kwangu. Jina "malaria" lilitoka Italia, maana yake hewa mbaya. Watu waliona kweli kwamba wanaoishi karibu na vinamasi wanaugua. Waliona sawa, wakaunga vibaya: mwaka 1897 Ronald Ross alipomkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu, ndipo ikajulikana kinamasi kinahusikaje. Mimi nawaambia akina mama kliniki: kinamasi na homa vinatembea pamoja, ila anayebeba homa ni mbu. Wanaelewa upesi kuliko nikiwapa ufafanuzi mrefu.

Na ukitaka kifungu ambacho tokeo linageuka sababu, wape malale ya Busoga mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ugonjwa uliua watu wengi mno. Ilipogundulika kwamba mbung'o ndiye anayeueneza, serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka pwani za ziwa na visiwa vya Ssese. Watu walipoondoka, mashamba yakarudi kuwa kichaka. Mtoto akichora mishale ya habari hiyo, kila kituo kina mshale unaoingia na mwingine unaotoka. Kupiga mstari chini ya neno moja hakutamsaidia hapo.

Mwalimu wa Walukuba
Nimesoma yote mara mbili, nawashukuru sana. Leo nimewarudishia wale wawili alama zao mbele ya darasa na kuwaambia kwamba mwalimu ndiye aliyekosea. Mmoja wao ni binti ambaye huwa hasemi neno. Alinyanyua kichwa, akaniuliza: "Sasa mwalimu, wewe unajuaje?" Nilikosa jibu la haraka.

Jioni nimekiandika kifungu upya. Mzee, Mhariri, nitazamieni: "Gugu lilitanda hadi likaziba ghuba, mashua zikashindwa kutoka, na kwa hiyo samaki walioletwa mwaloni wakawa wachache. Mwaka 1995 Uganda ilianza kuachia fukusi. Kufuatia mvua za El Niño za 1997 na 1998, gugu lilipungua."

Mhariri Mstaafu
Sehemu ya kwanza safi kabisa. Hilo "hadi" limefanya kazi nzuri kuliko "kwa sababu" tatu. Lakini "kufuatia" litupe. Ni "baada ya" lililovaa koti: msomaji analisikia kama sababu, nawe ukibanwa utasema ulimaanisha wakati tu. Magazeti yetu yamejaa hilo neno, na mimi nimelifuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Andika wazi: "Gugu lilipungua. Wapo wanaosema ni fukusi, wapo wanaosema mvua na mawimbi vilichangia." Kisha waulize watoto kila upande ungehitaji kuonyesha nini ili tuuamini. Swali la binti yako linaanzia hapo.

Baba Rehema
Nimefuta ushauri wangu moyoni. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, nitamjaribu na hiyo -singe- leo.

Mzee wa Mwalo
Mwalimu, walete watoto Masese Jumamosi. Fukusi bado wapo, nitawaonyesha majani yaliyotobolewa. Ila mfike mapema kabla upepo haujageuka, maana ukigeuka utalisukuma gugu mpaka gatini, na mashua haitatoka.