Mpiga solo mgeni, mazoezi mawili tu: tupange nini mapema?

MratibuJukwaa
Wakuu, naratibu okestra ya mkoa, wapigaji kama 45. Msimu huu kuna wageni wawili: wa fidla kwa koncheto (kazi ya mpiga solo pamoja na okestra) ya Beethoven, na wa piano kwa Mozart. Kila mmoja ana mazoezi mawili na okestra, ya pili yakiwa siku yenyewe ya onyesho. Nimuulize nini kabla hajafika, na jukwaa nilipangeje?

MtunzaNota
Anza na kadenza, yaani pale mpiga solo anapopiga peke yake okestra ikinyamaza. Beethoven hakuiandikia koncheto ya fidla (1806) kadenza, kwa hiyo mgeni huja na anayoipenda. Za wapiga fidla Kreisler na Joachim ndizo husikika sana. Omba nakala mapema, na kondakta (kiongozi wa okestra) anakili baa, yaani vipimo vya muziki, za mwisho kwenye nota zake, maana okestra ikikosa pa kuingilia, ukimya ule hauna pa kujificha.

Uliza pia waziwazi: kadenza yako ina timpani (ngoma kubwa za okestra)? Beethoven mwenyewe aliigeuza kazi hii kuwa ya piano, akaiwekea kadenza yenye timpani, na wapo wapiga fidla wanaoitumia ikiwa imepangwa upya kwa fidla. Mpiga timpani anahitaji nota hizo mkononi, si kuambiwa siku ya onyesho. Usisahau ile kadenza fupi inayovusha sehemu ya pili kwenda ya tatu.

Halafu toleo. Herufi za mazoezi (zilizochapwa kwenye nota kuonyesha pa kuanzia) na namba za baa hazifanani kwa wachapishaji wote. Mgeni akisema "tuanzie F", mnaweza kuanza mahali pawili. Mtumie kurasa za nota zenu alinganishe. Siku mkialika mtu kwa koncheto ya fidla ya Tchaikovsky, ulizeni kama anafuata mikato (vipande vinavyorukwa) ya mpiga fidla Leopold Auer katika sehemu ya tatu. Mikato lazima iandikwe kwenye kila stendi kabla nota hazijagawiwa.

FundiPiano
Upande wa piano: kubaliana na fundi kama nota ya A, ambayo wote hujilinganisha nayo, ni hezi 440 au 442, kisha waambie wa obo na wa filimbi. Usimpe fundi piano ya 440 asubuhi ukitaka 442 jioni. Nyuzi zilizopandishwa ghafla hazitulii, na kabla ya mapumziko zitakuwa zimeshalegea.

Piano ifike jukwaani angalau siku moja kabla, izoee hewa ya ukumbi. Unyevu huvimbisha ubao wa sauti na kupandisha sauti, nao ukavu huishusha. Taa za jukwaa nazo hupasha nyuzi moto zikashuka, kwa hiyo fundi afanye kazi taa zikiwa zimewashwa. Mpe saa mbili za ukimya kabla ya mazoezi (hakuna kupanga viti wala kujaribu maikrofoni!), na nusu saa nyingine baada ya mazoezi ya mwisho.

Kibodi ikae kushoto kwa hadhira, kifuniko kiwe wazi kabisa. Kifuniko hicho husimama kama ukuta mbele ya okestra: sauti inaenda kwa watu, lakini ala za kupuliza hazimsikii mgeni vizuri. Basi jukwaa dogo la kondakta lisogee upande wa kibodi, amwone mgeni usoni na mikononi. Wakati wa kuoanisha sauti, A itoke kwenye piano.

MratibuJukwaa
Asanteni sana. Na okestra isimfunike?

SeloYaNyuma
Kusema "pigeni kwa sauti ya chini" hakusaidii, watu wataburuta mwendo tu. Punguza watu. Kwa Mozart, fidla za kwanza 8, za pili 6, viola 4, selo 4, besi 2 zinatosha. Kwa Beethoven acha wote, ila anapopiga mgeni stendi za nyuma zinyamaze, zirudi okestra inapobaki peke yake. Mkutubi (mtunza nota za okestra) aandike hayo kwenye nota kabla ya mazoezi ya kwanza.

Wa fidla asimame kushoto kwa kondakta, matundu ya fidla yakielekea hadhira. Mkimleta wa selo, mtengenezeeni jukwaa la mbao lenye uwazi chini. Husaidia sauti kutoka, na mguu wa chuma wa selo hupata pa kushika.

Ratiba: koncheto iwe ya kwanza kwenye mazoezi. Trombone, zinazohitajika kwenye simfoni tu, zifike baada ya mapumziko.