Vyuo acheni kutuuzia mbuzi kwenye gunia. "Kozi yenye soko" ni soko la wapi?

Wakuu, salamu zitafuata. Nimetoka Mnazi Mmoja kwenye maonesho ya vyuo vikuu, nimevurugwa.

Nilimpeleka mdogo wangu. Kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), ufaulu mzuri, anataka kutuma maombi. Nyumbani kila mtu ni mshauri: mjomba anataka uhandisi, shangazi anataka famasi, baba mdogo kasikia mambo ya akili mnemba "yanalipa". Yanalipa shilingi ngapi? Hapo kimya.

Nikasema tukawaulize wenye mali. Banda la kwanza tu, dada kavaa fulana ya chuo: "Kaka, hii kozi ina soko sana!" Nikamuuliza, waliohitimu mwaka juzi wako wapi, na waliopata kazi walianza na mshahara gani? Akacheka, akamwita mwenzake. Mwenzake akanipa kipeperushi, kalamu na kofia. Nikarudia swali. "Inategemea na juhudi za mhitimu mwenyewe, kaka."

Ebo! Ada mnaitaja mpaka hela ya kitambulisho, ila mshahara ndiyo unategemea juhudi? Hata kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kinakupa sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Ukishavua joho, utajijua.

Wa rika langu mnakumbuka gesi ya Mtwara na Lindi. Kila mwenye PCM aliambiwa asome mafuta na gesi, huko watu wanalipwa kwa dola. Bomba la kuja Dar likakamilika 2015, lakini bomba likishafukiwa linataka watu wangapi? Ajira za maana zilikuwa zinasubiri ule mradi wa LNG wa Lindi, wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, na mpaka leo tunasubiri. Jamaa yangu mwenye shahada hiyo ni wakala wa miamala pale Mbagala, na anashukuru.

Ualimu nao ulikuwa "mkopo uhakika, ajira moja kwa moja". Kweli, enzi hizo ukimaliza unapangiwa kituo. Siku hizi mwalimu anaomba kwenye mfumo na kupigwa usaili kama sisi wengine. Na usaili wenyewe mnaujua: Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Wale wote waliwahi kuambiwa kozi zao zina soko.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na mtu anayechagua kozi kwa kuangalia hela. Hao wa "fuata ndoto zako" wengi wana pa kulala Masaki. Mtoto wa Gongo la Mboto anayesubiriwa na wadogo zake lazima apige hesabu. Sasa apige hesabu kwa namba zipi? Uhandisi ni miaka minne. Anauziwa soko la leo, atalikuta la wakati huo. Na kama alisoma kwa mkopo, akibahatika kuajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, iwe kozi ililipa au haikulipa.

Waajiri nanyi mmo. Tangazo linasema "mshahara mnono", ukifika unaambiwa kwa kuanzia utapewa nauli. Nauli, na shahada juu!

Basi tusaidiane humu. Weka kozi uliyosoma, mwaka uliomaliza, ulisota mtaani muda gani, na mshahara wa kwanza ulioingia mkononi baada ya makato. Jina la chuo na la mwajiri acha. Watu wa umeme na wa takwimu bima (actuarial science) naomba muanze, dogo anatuma maombi wiki hii. Wale wa "riziki hupanga Mungu, mkuu", uzi huu piteni kushoto.