Tupeane uzoefu: Ulijuaje mtoto wako anahitaji mwanasaikolojia na si utoto tu?

Mama Nai
Wakuu, habari za leo. Wazazi mliowahi kumpeleka mtoto kwa mwanasaikolojia au mnasihi, naomba mnisaidie. Yale ya kwenye vipeperushi nimeshayasoma. Nataka kujua ni kitu gani hasa kilikufanya useme hapa pana jambo. Wangu ana miaka saba. Tangu tuhame mkoa amekuwa mkali, kitu kidogo tu analia mpaka anatapika. Mwalimu wake anasema shuleni hana shida yoyote. Huku nyumbani ndugu wameshagawanyika, wengine wanataka kiboko, wengine maombi.

Baba Ima
Pole dada. Wangu alikuwa ameshaacha kabisa kukojoa kitandani. Kufika darasa la pili akaanza upya, tena karibu kila usiku. Bibi yake akashauri avishwe godoro kichwani azungushwe mtaani ili aone aibu. Nikamwambia mama, hilo hapana.

Tukaanza na hospitali ya kawaida, na hatua hii msiiruke. UTI au kisukari vinaweza kumrudisha mtoto kwenye kukojoa. Akapimwa mkojo na sukari, majibu yakawa safi. Ndipo daktari akauliza: nini kimebadilika kwake karibuni? Tukatazamana na mke wangu. Kilichobadilika ni gari la shule tu, maana la zamani lilikuwa limesitisha huduma.

Mnasihi tuliyeelekezwa hakumhoji hata kidogo. Alimpa kalamu za rangi, akamwambia achore safari yake ya asubuhi. Dogo akachora gari, dereva, watoto wote dirishani wanacheka. Yeye mwenyewe kajichora chini ya kiti. Kumbe wakubwa wa darasa la sita walikuwa wanamlaza pale kila siku na kumwekea mabegi juu. Gari tulibadilisha wiki ileile, lakini kitanda kilichukua muda kukauka, msitegemee miujiza.

Chiriku
Niongezee tu kwamba chini ya miaka mitano kukojoa kitandani ni kawaida. Msije mkajaza foleni bure 😀

Mzee wa Kazi
Haya mambo ya kizungu. Sisi tumelelewa kwa fimbo na tumekuwa watu wazima wenye akili zetu.

Baba Ima
Mzee wangu shikamoo. Wale ambao fimbo haikuwasaidia huwa hawaji kuandika hapa.

Ticha wa Awali
Mama Nai, hilo la "shuleni yuko sawa" lisikupoteze. Kuna watoto wanajikaza kutwa nzima darasani, wakifika nyumbani kwa mama yao ndipo wanalipuka, kwa sababu pale wanajua hawatafukuzwa. Haimaanishi anakuigizia. Na niseme ukweli wa kazi yetu: ukiwa na watoto sabini, unamwona anayerusha viti. Aliyekaa kimya unamwita mpole.

Nilikuwa na mmoja asiyetoa hata neno. Mwezi wa kwanza wa shule simhesabii mtoto, wengi huogopa. Huyu muhula ukaisha hajaitikia hata jina lake. Nikadhani hasikii vizuri. Mama yake akaniletea video kwenye simu, mtoto yuko jikoni anaimba na kumgombeza paka kwa sauti ya ajabu. Nikamwambia mama, huyu si mkaidi wala bubu, ni hofu, tutafute mtaalamu. Mtoto alianza kwa kunong'ona na mimi peke yangu mlangoni, mama akiwepo. Hakuna aliyemlazimisha.

Shangazi wa Likoni
Kwetu Mombasa ilikuwa mtoto wa kaka yangu, babake alipofariki. Akawa acheza maziko na midoli yake. Aifunga leso, aichimbia shimo uani, asoma na Fatiha. Nyumba nzima ikatishika, watu wakasema ana shetani. Akasomewa, akanyweshwa kombe, yale maji ya aya za Kurani, na ustadhi mwenyewe ndiye aliyetwambia, "Jamani, mimi nimefanya yangu, mpelekeni na hospitali."

Mshauri akasema maziko ya midoli yasiwatishe, mtoto huelewa msiba kwa mchezo. Kilichomshughulisha yeye ni mengine tuliyoyataja juu juu: hali chakula, halali usingizi, hamwachi mamake hata aende chooni, na usiku mmoja alisema ataka kumfuata baba. Neno kama hilo mkilisikia msingoje Jumatatu. Siku hiyohiyo. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, Kenya na Tanzania, bure.

Nesi Mstaafu
Mimi wazazi nilikuwa nawaambia wasimlinganishe mtoto na wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi mitatu nyuma. Kama usingizi, kula, kucheza na shule vyote vimebadilika na wiki zinapita bila nafuu, nenda. Tumbo linalouma asubuhi za shule na kupona Jumamosi nalo ni la kweli, mtoto hadanganyi, ila dawa ya minyoo haitalitibu.

Kwa walio Tanzania, anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizieni afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Muhimbili wana idara nzima. Wataalamu wa watoto ni wachache, kwa hiyo mjiandae kuzungushwa kidogo. Na ukihisi mtoto kachezewa mwilini, usimhoji wewe wala usimwogeshe. Nenda moja kwa moja kituo cha mkono kwa mkono (kinachohudumia waliofanyiwa ukatili) au Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Mama Nai
Asanteni sana. Sasa nikimpeleka nimwambie tunaenda wapi? Akisikia hospitali anashika mlango.

Shangazi wa Likoni
Mwambie kweli, mwanangu. "Twaenda kwa mtu anayewasaidia watoto wakiwa na hasira kubwa. Hana sindano." Wetu alidanganywa kuwa yuapelekwa kula chipsi, alipoiona ile korido akagoma kabisa, tukarudi nyumbani vivyo hivyo. Na akitoka usimdake na "umesema nini mle ndani?" Mwache. Wetu alianza kusimulia mwenyewe, tuko mezani, tena mbele ya wageni.

Mama Nai
😂 Sawa shangazi. Kesho naenda kuongea na mwalimu wake kwanza.