RAID kwenye kompyuta ya nyumbani: spidi ya kweli au sifa tu?

Mleta mada:
Wakuu, habari za wikendi. Jirani yangu anahariri video za harusi sebuleni kwake, na juzi kaniita tupange mashine mpya. Fundi wake kamwambia achukue hadidiski mbili za terabaiti 2, aziunganishe kwa RAID 0 (RAID ni mbinu ya kufanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja), "mashine itapaa". Mimi nimekataa. Nasema achukue SSD moja (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya NVMe, ile aina ya kasi zaidi, na hadidiski iwe ya kuhifadhia tu. Tumebishana mpaka chai imepoa, basi naomba mawazo yenu.

Hoja yangu ni hii. Hadidiski ni sahani inayozunguka. Ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 na kidogo, kwa hiyo kichwa cha kusomea kinasubiri kama milisekunde 4 kwa wastani, na hapo sijahesabu muda wa kichwa kuhama. Windows inapowaka inaokota maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na kila kimoja kina kusubiri kwake. Ukiweka sahani mbili umepanua bomba, lakini foleni ya bombani iko palepale. Na hata kwa upana wenyewe, hadidiski mbili zikijitutumua zitatoa megabaiti 400 hivi kwa sekunde. SSD moja ya SATA, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski, inafika 550, na NVMe nzuri inayopita njia ya kasi ya PCIe 3.0 inapita 3,000.

Kibaya zaidi, RAID 0 inakata kila faili vipande na kuvigawa kwenye diski zote mbili. Ikifa moja, iliyobaki imeshika nusu-nusu zisizofaa kitu.

Fundi wa Kariakoo:
Mkuu, umeongea vizuri lakini umeongea darasani. Mhariri wa video hana shida na vifaili vidogo. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Weka kamera tatu, saa sita, kuanzia bibi harusi anavyopambwa mpaka watu wanakata keki: gigabaiti 810. NVMe yako ya terabaiti 1 imejaa kwa harusi moja! Jumamosi ijayo kuna nyingine. Mteja wangu anataka nafasi na spidi kwa bei anayoiweza, ndiyo maana namfungia mbili.

Mleta mada:
Fundi, hesabu yako nimeipenda, sasa tuimalizie. Megabiti 100 ni megabaiti 12.5. Kamera tatu zikicheza pamoja ni 37.5 kwa sekunde. Hadidiski moja inazidi hapo mara kadhaa! Kinachomkwamisha ni kichwa kurukaruka kati ya klipu tatu, na dawa yake ni kuhamishia harusi ya wiki hii kwenye NVMe, akimaliza airudishe ghalani.

Mpiga video wa Morogoro:
Mimi niliogopa RAID 0 nikaweka RAID 1, kila kitu kinaandikwa kwenye diski mbili. Nikajiona nimelala pazuri. Siku moja kijana wangu anasafisha mashine, akafuta folda ya sendofu akidhani ni nakala ya zamani. Diski zote mbili zikafuta kwa utii. Kwenda kumweleza mama wa binti kwamba shoo ya mashangazi haipo tena, jamani, nisimwombee hata adui. RAID 1 inakulinda diski ikifa, haikulindi na kidole.

Mtu wa seva:
Neno dogo la historia. Waraka ulioitambulisha RAID ni wa 1988, Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Patterson, Gibson na Katz. Walitaka diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya moja kubwa ya bei mbaya. Waliorodhesha viwango kuanzia 1 hadi 5. Hiyo 0 iliongezwa baadaye, na namba yenyewe inakwambia ulinzi wake ni kiasi gani 😄

Anayewaza RAID 5 nyumbani, ile inayogawa data pamoja na hesabu ya ulinzi kwenye diski tatu au zaidi ili moja ikifa data ijengwe upya, ajue mawili. Diski ya terabaiti 8 ikifa, kuijenga upya kwa megabaiti 200 kwa sekunde ni saa 11 bila kupumzika, na muda wote huo diski zilizobaki zinafanya kazi bila mbadala. Pili, umeme ukikatika katikati ya kuandika, data na hesabu yake ya ulinzi vinaweza kuachana bila wewe kujua. Huna UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), achana nayo. Na kama lazima uunganishe diski, tumia mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, kuliko RAID ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Mazabodi ikiungua, za mdadm utazichomeka kwenye mashine nyingine ya Linux na zitasomeka.

Fundi wa Kariakoo:
Hilo la mazabodi nakubali, limeshanitoa jasho mbele ya mteja. La nafasi sijashindwa.

Mleta mada:
Mrejesho: jirani kachukua NVMe ya terabaiti 1 na hadidiski mbili za terabaiti 4, bila kuziunganisha. Moja iko ndani ya mashine. Nyingine ya USB, kila Jumatatu anamwagia kazi ya wiki kisha inarudi kwa dada yake, kabatini chini ya vitenge.

Fundi wa Kariakoo:
Mwambie msimu wa Desemba ukianza duka langu analijua.