Waandaaji wa shoo za hip hop Arusha, acheni kuwafanya wachanaji (marapa) wa mji huu wasindikizaji

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sina sababu ya kuificha. Jumamosi iliyopita lilifanyika tamasha hapa Arusha ambalo kwa wiki kadhaa lilitangazwa kuwa usiku wa hip hop ya Chuga, yaani Arusha yetu. Maneno hayo yalichapwa kwenye bango kwa herufi zinazosomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara, yakizungukwa na picha kubwa za wasanii watatu kutoka Dar es Salaam, ambao wawili kati yao ni waimbaji wa mapenzi ambao sijapata kuwasikia wakichana hata ubeti mmoja. Majina ya wachanaji wa Arusha yalikuwa chini kabisa, yamebanwa kati ya namba ya simu ya kununulia tiketi na nembo za wadhamini, na mmoja wao jina lake lilikosewa.

Tulilipa kiingilio cha Sh10,000 bila kunung'unika. Wachanaji wa nyumbani walipandishwa jukwaani mapema, wakati foleni ya getini haijasogea na fundi mitambo bado anajaribu spika, kila mmoja akiwa ameruhusiwa wimbo mmoja tu. Kijana mmoja wa mtaa wa Unga Limited, ambaye simtaji kwa sababu bado anayahitaji majukwaa ya watu hawahawa, alikuja na wimbo kuhusu wagumu, yaani wale vijana wanaobeba mizigo ya watalii kuupanda Mlima Kilimanjaro. Alianzia kwenye mizani ya getini ambako mzigo hupimwa, akapanda nao mpaka kambini, na njia nzima kila mstari ukawa unafungwa kwa kina cha -ungu: wazungu, mafungu, machungu, Mungu, huku katikati ya mistari kukiwa na kina kingine kinachojitegemea. Mwalimu wa ushairi angemsimamisha mbele ya darasa ili wenzake wajifunze.

Alipoingia ubeti wa pili, DJ aliukata mdundo kwa sababu gari la msanii mkubwa lilikuwa limefika. Kijana hakushuka. Aliendelea kuchana mdomo mtupu, na sisi tuliokuwa mbele tukampigia makofi ya kumshikia mdundo, mpaka mtu mmoja mwenye kitambulisho shingoni alipomfuata fundi mitambo na kumnong'oneza, na maiki nayo ikazimwa. Baada ya hapo ukumbi ulikaa muda mrefu ukichezewa nyimbo za kawaida za klabu, kwa hiyo hata hoja ya kubanwa na muda haipo. Huyo aliyesubiriwa alipopanda, alisimama juu ya rekodi yenye sauti yake mwenyewe, akawa anatuelekezea maiki sisi tumwimbie, na muda mwingi alikuwa akipunga mkono tu.

Sina ugomvi na wasanii wa Dar es Salaam, na wapo miongoni mwao ninaowaheshimu sana. Ninachokipinga ni mwandaaji kuuza tiketi kwa jina la Chuga, kisha kuwatupa chini ya bango watu waliolipatia jina hilo thamani. Jina hilo halikushuka kutoka mawinguni. Kundi la X Plastaz lilianza hapa Arusha katika miaka ya 1990, wakachana kwa Kiswahili huku mwenzao akiimba kwa Kimaasai, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatolewa na kampuni ya Ujerumani. Mmoja wao, Faza Nelly, alifariki mwaka 2006 na wenzake hawakuiacha kazi. Mwaka 2009 Gsan wa kundi hilohilo alichana kwa Kiswahili katika tuzo za hip hop za BET kule Marekani, jambo ambalo vijana wengi wanaojaza kumbi leo hawajawahi hata kusimuliwa. Mtaa wa Ngarenaro ukatoa kundi la Nako 2 Nako Soldiers, wakawapo River Camp Soldiers, na kutoka makundi hayo tukalipata kundi la Weusi la kina Joh Makini, Nikki wa Pili na G Nako. Watengwa nao, wakiwa na JCB na Chindo, walishika njia yao ngumu ambayo redio hazikuipenda sana, na mpaka leo ukikaa kijiwe chochote cha Kijenge au Sakina utamkuta chalii anayeifahamu mistari yao kwa moyo. Weusi walivuka kwa sababu ya kipaji, hilo sibishi, lakini zipo kilomita zaidi ya 600 kutoka hapa hadi Dar es Salaam, na wenye kipaji kilekile ambao hawakupata nauli, mwenyeji wala mtangazaji wa kuwabeba, wamebaki kuwa habari ya mtaani.

Nimewahi kuongozana na mchanaji mmoja kupeleka wimbo kwenye kituo cha redio hapahapa mjini. Mtangazaji aliusikiliza kwa sekunde chache, akausogeza mbele kutafuta kiitikio, akauzima. Alisema hip hop ngumu haiuzi na kwamba tukamtafute mtu wa kuimba kiitikio ndipo turudi. Hakusema kwamba mistari ni mibaya, hakusema kwamba sauti haikurekodiwa vizuri, wala hakusikiliza kilichokuwa kinazungumzwa, ambacho kilikuwa maisha ya madalali wa tanzanaiti, watu ambao anapishana nao kila siku akienda kazini. Sasa huo wimbo utauzaje kama hauchezwi? Kisha mwandaaji wa tamasha naye anakuja na hoja hiyohiyo, kwamba mchanaji huyu hajulikani, hachezwi redioni, hana watazamaji mtandaoni, kwa hiyo hastahili malipo. Wanamfungia mlango, halafu wanamlaumu kwa kulala nje.

Kuhusu malipo nitasema wazi. Niliongea na baadhi ya waliopanda jukwaani Jumamosi, na jibu lilikuwa lilelile: waliambiwa wanapewa nafasi ya kujitangaza. Mmoja alijilipia bodaboda kuja ukumbini, na wacheza shoo wake wawili walitakiwa kulipa kiingilio kama sisi wengine. Fundi mitambo alilipwa, walinzi walilipwa, aliyechapa bango lenye jina lililokosewa alilipwa, ila mwenye sanaa ndiye alitakiwa ashukuru. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki ya msanii kunufaika kazi yake inapotumika hadharani, lakini mirabaha haiwezi kumfikia mtu ambaye wimbo wake umezimwa kabla ya ubeti wa pili kwisha.

Wapo watakaoniambia kwamba tatizo hili si la Arusha pekee, na ni kweli. Nikki Mbishi, One the Incredible na Songa ni wachanaji wa Dar es Salaam ambao msikilizaji yeyote makini wa vina vya Kiswahili anawataja bila kusita, na bado unaweza kusikiliza redio kutwa nzima usiwasikie. Lakini Dar es Salaam haijitangazi kama makao ya hip hop ili iwauzie watu tiketi. Sisi ndio tunafanya hivyo, kwenye mabango, kwenye fulana, na hata kwenye hotuba za viongozi wanaokuja kufungua matamasha, na ndiyo maana hapa kwetu inauma zaidi. Tena nawashangaa mashabiki wenzangu ambao kutwa mnabishana hapa kuhusu nani mkali kati ya Joh Makini na Fid Q, ila Jumamosi mliingia ukumbini baada ya wachanaji wa mtaani kwenu kushushwa.

Kwa mwandaaji wa tamasha lile, ambaye najua watu wake wanapita humu: umekwishatangaza kwamba utafanya jingine mwezi Desemba. Andika majina ya wachanaji wa Arusha kwa ukubwa uleule wa wengine, wape muda wa kuchana nyimbo zao mpaka mwisho, na mkubaliane malipo kwa maandishi kabla bango halijachapwa. Ukishindwa, liite tamasha la muziki na uliondoe jina la Chuga, nasi tutajua kwamba halituhusu. Pia tueleze hapa ni nani aliyeamuru maiki izimwe na kwa sababu gani. Na kama yupo mchanaji wa nyumbani aliyelipwa usiku ule, naomba ajitokeze aseme alipewa shilingi ngapi.