Mrejesho: kompyuta ya gemu imewaka

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama hela yangu iende kwenye prosesa kubwa au kadi ya michoro. Wengi mlisema kadi, nami nikafuata: prosesa ni Ryzen 5 5600, kadi ni RTX 3060 ya GB 12, mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vyote) ni B550. Ramu (kumbukumbu ya muda) nimeweka mbili za GB 8, si moja ya 16, ili zisaidiane. Aliyenishauri niwashe XMP (mpangilio unaozipa ramu kasi yake kamili) kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta), ubarikiwe sana; ramu zilikuwa zinakimbia kwa kasi ya 2133 badala ya 3200! Pawa saplai ni mpya, wati 650. Ya mtumba sikutaka kabisa, umeme wa mtaani kwetu haueleweki. Kesi (boksi la kompyuta) ni mbaya kweli, ila inapitisha hewa. Monita bado naazima kwa braza.